Wa Tatu wa Nassra

Kitu cha kwanza Shemsa alichokitazama kwa mdogo wake kilikuwa tumbo. Hakutaka. Njia nzima kutoka Makunduchi alijionya asifanye hivyo, kwamba ataanza na uso, atamkumbatia, atamwuliza habari za safari kama mtu mwenye adabu zake. Lakini mlango wa ile nyumba ya kukodi ya Kiponda, mjini, ulipofunguliwa na Nassra akatokea amevaa dera, kichwa wazi, macho ya Shemsa yalishuka yenyewe. Dera lilikuwa pana. Halikumwambia kitu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Nimekonda wapi! Kule kila mtu anagombana na nguo zake." Nassra akacheka, akamvuta ndani, akampokea kikapu na kukifunua. "Nini hiki? Pweza mkavu! Mahfoudh, njoo uone, leo tunakula chakula cha watu."

Mahfoudh, mumewe, alitoka chumbani akamwamkia shemeji yake kwa heshima, akanusa kikapu, akafumba macho kama mtu aliyesikia habari njema. Nyuma yake wakaja watoto. Ridhwan, mvulana wa miaka kumi, alinyoosha mkono kama mtu mzima. Muzdalifa, ambaye ana saba, alisimama nyuma ya kaka yake akimtazama mama mkubwa wake kwa macho ya Nassra mwenyewe, yale yale ya Nassra wa umri ule.

Shemsa aliwabusu wote wawili. Kisha akatazama tena mlango wa chumbani, kana kwamba yuko mwingine ndani aliyekawia kuvaa viatu.

Miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu Nassra amfuate mumewe Uingereza, katika mji uitwao Coventry ambao Shemsa aliweza kuutamka sawasawa kwa sababu alikuwa akiutaja katika kila sala. Muda wote huo hakurudi hata mara moja. Kwanza karatasi zilikuwa hazijatimia, baadaye watoto walikuwa wadogo, baadaye kazi. Lakini kabla hajaondoka, hina ya harusi ikiwa bado mikononi mwake, ndipo Shemsa alipopoteza mimba yake ya mwisho, na kizazi chenyewe kikaenda nayo. Alilazwa hospitali, akageukia ukutani, hataki uji wala maneno. Watu walikuja wakasema yale watu wanayosema. Nassra hakusema. Alipanda kitandani akalala nyuma ya dada yake, kama alivyokuwa akilala utotoni, akamnong'oneza sikioni:

"Wa tatu wangu ni wako. Nikishamwachisha ziwa nakuletea mwenyewe, kwa mikono yangu."

Halikuwa jambo la ajabu. Kwao mtoto hupewa mtu. Mwenye wengi humpa ndugu yake asiye naye, na mtoto hukua akimjua mama aliyemzaa na mama aliyemlea, akila kwa huyu na kulala kwa yule, na hapana anayeona kasoro. Wala "wa tatu" halikuwa neno la kujikamua. Mama yao alizaa tisa. Mama zao wadogo walizaa saba, wanane. Kwa binti wa Makunduchi kusema wa tatu ilikuwa kama kusema masika ijayo: huenda ikachelewa, lakini nani aliona mwaka ambao masika haikuja kabisa? Basi Nassra hakuongopa siku ile, na Shemsa hakuamini upuuzi. Wote wawili walihesabu kwa hesabu waliyoikuta nyumbani kwao.

Na Nassra hakuwa mdogo wake hivi hivi. Mama yao alifariki Nassra akiwa bado anatambaa. Shemsa, kifungua mimba, ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mwenyewe hajamaliza shule, na hakuimaliza. Kwa hiyo neno la Nassra hakulitia shaka. Mtu humtilia shaka mgeni.

Zaidi ya hayo, alipata bahati nyingine akaikataa. Rukaiya, binti wa ami yao anayekaa mtaa mmoja naye, alijifungua pacha juu ya watoto watano aliokuwa nao. Akamletea Shemsa mmoja, msichana, amemfunga ndani ya kanga mpya. "Chukua huyu, Shemsa. Mimi mikono nnayo miwili tu." Shemsa alishinda na yule mtoto mchana kutwa, na alasiri alimrudisha. Aliona akimchukua wa Rukaiya, habari itafika Coventry kwamba nafasi imejaa, na ahadi itakuwa ameifuta yeye mwenyewe. Rukaiya hakununa, ila hakurudia tena. Yule mtoto alipelekwa Muyuni akalelewe na shangazi yake.

Khatib, mumewe Shemsa, alikuwa na mke mwingine Paje na watoto wanne. Siku moja moja watoto hao walikuja, wakala, wakacheza uani, na jua likianza kushuka wakaulizia kwao. Shemsa aliwafungia mihogo ya kuchukua, akafagia uwanja.

Alasiri ya siku ile, Kiponda, Mahfoudh aliwachukua watoto kwenda Forodhani kutazama vijana wanaojirusha baharini. Madada wawili wakabaki jikoni. Nassra alishika sinia la mchele, akichagua chuya, na alizichagua polepole kama mtu asiyetaka mchele uishe.

"Ridhwan ana kumi," alisema Shemsa.

"Naam, dada."

"Muzdalifa saba."

Nassra aliokota chuya nyingine.

"Basi nnakuuliza, si kwa ubaya. Mimba haziingii, au zinaingia zinatoka? Kama zinatoka, yuko mama Jambiani anakanda vizuri, amewasaidia wengi. Kesho tu nakupeleka."

"Dada."

"Usione haya. Mimi ndiye nliyekufundisha kufunga sodo, utanionea haya mimi?"

"Dada, mimi nimefunga kizazi."

Shemsa alisikia maneno, akayaacha yapite. Nje, gari la mkono lilikuwa likiomba njia kwenye uchochoro, mwenyewe anapiga kelele watu wajibane ukutani. Alisubiri kelele ziishe.

"Lini?"

"Siku aliyozaliwa Muzdalifa."

"Miaka saba."

"Miaka saba, dada."

Nassra aliliweka sinia chini. Akaanza kusema, na alipoanza alisema yote, kwa haraka, bila kumtazama. Alisema Ridhwan alipozaliwa hapakuwa na mtu wa kumlea mzazi. Wewe hapa ukizaa unalala ndani siku arobaini, unakandwa, unapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anapita mikono kumi kabla hajakufikia kunyonya. Kule alirudi nyumbani na mshono tumboni, Mahfoudh akaenda kazini usiku ule ule kwa sababu asingekwenda asingekuwa nayo kazi, na siku ya tatu yeye alikuwa amesimama jikoni anajipikia, damu inamtiririka mpaka kwenye soksi. Jirani alikuwepo ukuta wa pili. Hakujua hata jina lake.

"Nikasema, haya, wa kwanza ndivyo anavyokuwa. Nikabeba Muzdalifa. Siku ile uchungu umenishika Mahfoudh yuko njiani na gari la mizigo, mbali. Nikenda na Ridhwan, ana miaka mitatu. Nkavuja damu, dada. Nkaona watu wanakimbia. Mwanangu kakaa nje kwenye kiti, kashikwa mkono na mwanamke aliyekuja kumtazama mgonjwa wake, hatumjui, naye hatujui. Mimi nnakufa, na nnalowaza si kufa, nnawaza yule mtoto nikifa analala kwa nani leo. Daktari akaniuliza, tufunge? Akaniuliza mara mbili. Nilikuwaza wewe. Wallahi nilikuwaza wewe, nikakuona kitandani pale umegeukia ukuta. Nikasema, funga."

Shemsa alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Si mimi peke yangu," Nassra akaendelea, kama mtu anayejitetea mbele ya kadhi. "Wenzetu wote kule, mmoja, wawili. Mwatima wa Kikwajuni, unamkumbuka, kwao walizaliwa kumi na mmoja. Ana mmoja, na ameapa. Kule mtoto hutafutiwa kwanza chumba, na mtu wa kumshika, na saa ya kumlea, ndipo azaliwe. Mimi nnaogesha wazee wa watu katika nyumba ya wazee, nikirudi Mahfoudh anatoka, tunapeana watoto mlangoni kama watu wanaopokezana zamu ya ulinzi. Huyo wa tatu ningempitishia wapi?"

"Ungemleta kwangu. Ndiyo ilikuwa ahadi."

"Ningembeba wapi kwanza, dada? Ningemzalia wapi?"

"Na mbona hukunambia?" Sauti ya Shemsa ilipanda hata yeye mwenyewe akashtuka. "Miaka saba! Kila Idi nnakuuliza, unasema inshaallah. Kila Idi! Nimemrudisha mtoto wa Rukaiya, Nassra. Nimemshika mkononi nikamrudisha."

Hilo Nassra alikuwa hajalijua. Alifunika uso kwa kanga. Shemsa hakumgusa. Alikaa akatazama chuya zilizotengwa pembeni mwa sinia, na katika ukimya ule ndipo lilipomjia lile neno, na lilipomjia lilionekana jepesi na la haki.

"Basi nipe Muzdalifa."

Nassra aliondoa kanga usoni.

"Wa tatu hayupo," alisema Shemsa. "Basi nipe wa pili."

Mahfoudh aliporudi na kuambiwa, alikataa kwa upole na hakubabaika. Alisema shemeji, mimi nnakuheshimu, wewe ndiye mama mkwe wangu, lakini kule mtoto asipoonekana shuleni watu wanakuja mlangoni kuuliza yuko wapi. Nasi wenyewe hatuna mwingine. Alisema hivyo, "hatuna mwingine", na ingawa Ridhwan alikuwa amekaa pembeni yake, Shemsa alimwelewa. Zamani mzazi aliyempa nduguye mtoto alibaki na nyumba iliyojaa. Hawa wangebaki na mmoja na kiti kitupu.

Lakini Nassra alilia mpaka usiku, na asubuhi wakakubaliana jambo. Muzdalifa angekwenda Makunduchi akae na mama mkubwa wake wiki moja, ajue kwao, aonje maisha ya watoto wenzake. Ijumaa Khatib angemrudisha mjini. Jumamosi jioni ndege.

"Wiki moja, dada," alisema Nassra akifunga mkoba wa mtoto.

"Wiki moja," alisema Shemsa.

Walipoteremka Makunduchi, Bi Mwatum, jirani anayekaa nyumba ya ubavuni, alikuwa barazani anasuka ukili. Aliangusha kazi yake, akaja kumzunguka yule mtoto kama anayekagua mbuzi wa Idi.

"Shemsa, ndiye?"

"Ndiye."

"Mbona mkubwa? Sisi tulingoja wa kubebwa, kumbe amekuja wa kutumwa dukani!"

Wanawake wakacheka, wakapiga vigelegele pale pale njiani. Shemsa hakuongopa, na kweli hakuisema. Alisema "ndiye" na akaliacha neno likae. Kabla ya magharibi Rukaiya alileta maziwa, mwengine akaleta mayai, na kila aliyekuja alisema hongera. Tangu azaliwe Shemsa hakuwahi kuambiwa hongera ya mtoto. Aliitikia kwa kuinamisha kichwa.

Siku mbili za mwanzo Muzdalifa alikuwa mgeni. Alisema Kiswahili cha kutunga, "samahani, naomba maji ya kunywa", na watoto wa mtaa wakamgeza mpaka akakimbilia ndani. Kikae cha wazee, lugha yao ya pale Makunduchi, hakukielewa kabisa, alicheka tu. Lakini mtoto ni mtoto. Siku ya tatu alikuwa peku. Alikwenda na Shemsa pwani maji yakiwa yametoka, akafunga mwani kwenye kamba kwa vidole vyake vyembamba, akauliza mwani unaliwa na nani, na alipoambiwa unasafirishwa mbali kwa wageni akasema, "Labda mimi nimeshaula!" Walicheka wote wawili, wamesimama kwenye maji ya magotini, na Shemsa alilazimika kugeuka upande mwingine.

Alimsuka nywele. Alimfundisha kukuna nazi na kukaa juu ya mbuzi bila kuangukia meno yake. Na akamfundisha kwamba mtu mzima akikuita huitikii "nini", unaitika "naam". Basi Shemsa akawa anamwita tu, bila haja. Yuko jikoni, mtoto yuko uani.

"Muzdalifa!"

"Naam!"

"Hamna kitu. Cheza."

Jioni moja Bi Mwatum aliisikia ile kazi kutoka kwake akapaza sauti: "We Shemsa, utalichakaza hilo jina!"

Ijumaa Khatib alikuja asubuhi, amevaa kanzu, tayari kwa safari ya mjini baada ya sala. Alimkuta Shemsa anafua nguo za mtoto, zote, hata zilizo safi.

"Zitakauka saa ngapi hizo?"

"Kesho."

"Ndege kesho, Shemsa. Na simu yako imezimwa. Nassra amenipigia mimi."

"Mwambie mtoto ana homa."

Khatib alichungulia uani. Muzdalifa alikuwa juu ya kamba ya kuruka, watoto wawili wanaizungusha, nywele zake mpya zinampiga mgongoni.

"Mtoto mzima mimi simwiti mgonjwa," alisema taratibu. "Mambo hayo hayafanywi." Akasimama kidogo, akingoja. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kungoja. "Mtoto wa watu huyu, mke wangu."

"Wa watu gani? Mamake nani alimlea? Nani alimfuta kamasi? Leo mimi nimekuwa watu?"

Khatib alikwenda msikitini, na kutoka msikitini hakurudi. Alikwenda Paje. Lakini kwanza alimpigia Nassra akamwambia kweli, na Shemsa alijua kwamba atamwambia, akaendelea kufua.

Gari lilifika Jumamosi mapema, Shemsa akiwa anamnywesha mtoto chai. Aliusikia mlango wa gari, akasikia sauti ya Mahfoudh ikiuliza nyumba, na Bi Mwatum akijibu kwa unyonge ambao si wa kawaida yake. Shemsa akainuka, akafunga mlango wa mbele, akasukuma komeo. Akafunga wa uani. Akarudi akakaa kwenye mkeka karibu na Muzdalifa, akamsogezea kikombe.

"Kunywa, mwanangu."

"Hodi," alisema Nassra nje. "Hodi, dada."

Shemsa alimshika mtoto mkono.

"Dada, nnajua mpo. Fungua. Mizigo iko garini."

Mahfoudh aliupiga mlango kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, vumbi likaanguka kutoka juu ya fremu. Muzdalifa akashtuka, chai ikamwagika. "Usipige!" Nassra alimwambia mumewe. "Usiupige mlango huu. Nenda kule. Nenda kakae na dereva."

Kisha Shemsa alimsikia akikaa chini, nje, akiegemea mlango. Mbao zililia kidogo. Sauti ikaja kutoka chini, karibu, kama sauti ya mtu aliye chumba kimoja naye.

"Dada, unanitesa."

"Mimi nnakutesa?" Shemsa naye alisogea mpaka mlangoni, akakaa upande wake. "Mimi nimekaa hapa miaka yote nnakungoja kama mpumbavu. Watu wananiuliza, Nassra wa ngapi sasa? Nnasema wawili, wa tatu njiani. Wa tatu njiani! Nimesema hivyo mpaka watoto waliozaliwa mwaka ule wameanza kufunga Ramadhani."

"Nisamehe."

"Sitaki kusamehe. Nnataka mtoto."

"Sina, dada. Sina wa kukupa. Ningekuwa naye ningekupa wallahi, ningekuwa na wanne ningekupa wawili. Maisha niliyokwenda hayakunipa." Nassra alikuwa akilia sasa bila kujificha, na watu walishajaa njiani, Shemsa aliwasikia wakishushiana sauti. "Umenilea mimi. Si mtoto mimi? Mimi si mwanao?"

"Na wewe ukaondoka."

Nje palisikika pumzi tu, nzito, inayoingia na kutoka, na Shemsa aliijua pumzi ile, alikuwa ameisikiliza usiku baada ya usiku, Nassra mdogo alipokuwa na kifaduro na hapakuwa na mama ndani ya nyumba. Alitaka kusema neno jingine baya zaidi ya lile. Alilitafuta. Hakuwa nalo.

Muzdalifa alikuwa amesimama katikati ya chumba. Hakukimbilia mlango, hakupiga kelele. Alimtazama Shemsa, akautazama mlango ambao mama yake alikuwa analia nyuma yake. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kupanga neno moja moja:

"Mama mkubwa, naruhusiwa kwenda?"

Aliuliza kwa adabu, kama alivyofundishwa wiki ile. Na Shemsa aliona, wazi kuliko kitu chochote alichowahi kukiona, kwamba akisema hapana mtoto huyu atakaa. Atakaa hapo hapo kwenye mkeka, atalia kimya kimya, lakini atakaa, kwa sababu mkubwa amesema. Ndivyo mtoto anavyokuwa wa mtu. Kitu alichokitaka umri wake wote kilikuwa mkononi mwake, kamili, na kilikuwa hiki.

Alikawia. Haisemekani alikawia muda gani. Chai iliyomwagika ilipita kwenye mishono ya mkeka ikaishia sakafuni.

"Unaruhusiwa," alisema.

Akainuka akavuta komeo. Nassra, aliyekuwa ameegemea, karibu aangukie ndani. Muzdalifa akamwangukia shingoni, akaanza kulia kwa sauti sasa, na kusema maneno mengi ya Kiingereza ambayo Shemsa hakujua hata moja. Nassra alimkumbatia huku mkono mmoja ukimtafuta dada yake, ukamshika pindo la dera, ukaliminya.

"Twende pamoja mjini. Utusindikize, dada. Nakuomba."

"Nendeni. Mtachelewa ndege."

"Dada, niangalie basi."

Shemsa alimwangalia. Alimfuta uso kwa upindo wa kanga yake, kamasi na machozi, kwa mkono mgumu usiobembeleza. Kisha akaingia ndani akakusanya zile nguo alizozifua, nyingine bado zina unyevu, akazikunja moja moja na kuzitia kwenye mkoba. Alikagua uvunguni kama kuna kiatu. Akampa Mahfoudh mkoba mkononi. Mahfoudh akainamisha kichwa.

Gari liliondoka. Watoto walilikimbiza mpaka kwenye skuli, wakarudi.

Shemsa alikaa ukumbini, mlango wazi. Hakulia. Alikuwa amekaa vile, miguu imenyooka mbele, mikono mapajani, viganja juu, aliposikia ndara zinavuliwa nje. Bi Mwatum aliingia, hakupiga hodi, hakusema mzaha wake wowote. Alikaa kwenye mkeka upande mmoja. Baada yake akaingia Rukaiya, buibui lake begani, akakaa. Wakaja wengine. Hakuna aliyewaita wala aliyewagawia nafasi, lakini walijipanga wenyewe kuzunguka kuta, wakashusha mitandio mpaka usoni, kama wanavyokaa wanawake katika nyumba iliyofiwa. Mmoja alikwenda jikoni na moto wa chai ukawashwa. Mwengine alifunika kioo cha kabati kwa kanga, halafu akajiona amefanya nini, akataka kuifunua, Rukaiya akamzuia kwa mkono.

Chai ikaletwa. Rukaiya ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza Shemsa.

"Angeitwa nani?"

Shemsa akasema: "Amne. Mwanamume, angeitwa Ubwa."

"Amne," walisema wanawake, mmoja mmoja, wakilipokezana jina.

Hapo ndipo kilio kilipomtoka. Hakikuwa cha kuonesha watu. Kilitoka tumboni, mahali ambapo hapakuwa na kitu tena, kikamkunja mpaka paji lake likagusa magoti. Wakamshika mabega. Hawakumwambia anyamaze.

Bi Mwatum, ambaye ndiye anayeongoza dua katika misiba ya mtaa ule, alisogea mbele kidogo. Wenzake wakatulia kumsubiri. Aliinua viganja, akasoma Fatiha kimoyomoyo, midomo inatikisika, akafika mwisho wake. Akabaki na mikono juu, hajui amtaje nani, maana aliyekufa hakuwahi kuja. Akaishusha.

"Tukae tu," alisema.

Wakakaa.